Jicho la angani halimjui mwenye nyasi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa njia ya gazeti, wiki hii nakuomba tuliache ziwa kidogo, tupande mlimani tukazungumze habari za majani ya ng'ombe. Najua wapo watakaoguna. Sisi watu wa Kigoma na Ujiji ni watu wa dagaa na migebuka. Ng'ombe anatuhusu nini?

Anatuhusu sana. Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wengi wetu wenye uwezo tulikimbilia bucha. Na nyama inayoning'inia katika bucha za Mwanga haioti mjini. Inatoka kwa ng'ombe aliyekula majani mahali fulani, na katika mkoa wetu mahali hapo ni Uvinza, Kasulu, Kibondo na Kakonko, ambako swali la nani alishe wapi limekwisha kuwagombanisha watu, na wakati mwingine kumwaga damu.

Sasa kuna jambo ambalo wataalamu wamekuwa wakilieleza kwa fahari. Wanasema zama za mfugaji kutembea siku tano akitafuta malisho zimepita. Kuna mitambo inayozunguka dunia angani, setilaiti kwa jina lao, inayopiga picha za ardhi na kuonyesha wapi majani ni mabichi na wapi yamekauka. Mfugaji anaipata ramani hiyo katika simu yake, anaamua pa kuwapeleka ng'ombe, basi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, inatufaa sisi wa Kigoma? Kabla ya kujibu tuirudie historia, kwa maana chombo hiki ni kikongwe kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu ya historia yake imepita hapa hapa kwetu.

Tuanze na wakati ambapo hakukuwa na mtambo wowote. Mfugaji wa Kiafrika hakuwahi kuhama kwa kubahatisha. Miongoni mwa Wamaasai, vijana walitangulia kwenda kukagua majani na maji, wakarudi kutoa taarifa mbele ya wazee. Wasomali wana neno lao kabisa kwa kazi hiyo, sahan, yaani kutuma watu wakachunguze nchi kabla ya kuhama. Mpelelezi huyo hakuleta habari za majani tu. Alieleza kisima kina maji kiasi gani, kama kuna maradhi, kama kuna inzi wabaya, na jambo kubwa kuliko yote, nani anakaa huko na kama yuko tayari kuwapokea wageni. Wasukuma nao walikuwa na ngitili, eneo lililofungwa wakati wa masika ili majani yasimame yakisubiri kiangazi. Ngitili ina mwenyewe, na ina kanuni za kuifungua.

Hapa kwetu Buha, katika nyanda za juu za Heru na Muhambwe, ng'ombe wa pembe ndefu alikuwa mali na alikuwa mkataba. Kwa desturi ya ubugabire, mwenye ng'ombe alimpa mwenzake mnyama, na mpokeaji akabaki na deni la utii na utumishi. Kwa hiyo huwezi kueleza majani ya Buha bila kueleza nani alikuwa mtu wa nani.

Kisha yakaja maafa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Palipokosa mifugo pakarudi vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale, iliwahamisha wananchi wengi wa magharibi mwa Tanganyika, Kibondo ikiwamo, ikawakusanya katika makazi maalumu. Nchi waliyoiacha ikawa msitu. Naomba ulikumbuke jambo hilo, ndugu msomaji: katika mkoa wetu yako maeneo yanayoonekana matupu ambayo hayakuwa matupu. Yaliondolewa watu.

Mtu wa kwanza kutupatia ramani nzuri ya uoto wa nchi yetu nzima hakuwa na chombo cha angani. Alikuwa mhandisi wa reli, Clement Gillman, aliyekuja Tanganyika mwaka 1905 wakati Wajerumani wakijenga Reli ya Kati, reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Chini ya Waingereza alikuja kuwa mhandisi mkuu wa reli. Kwa miaka mingi alitembea nchi hii, akiandika aliyoyaona: hapa msitu, hapa mbuga, hapa miombo. Ramani yake ilichapishwa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kufariki kwake. Ilichukua karibu umri wa mtu mzima kuikamilisha, na ilionyesha nchi ilivyo kwa jumla. Haikuweza kumwambia mtu majani yakoje mwezi huu.

Hapo ndipo ilipoingia setilaiti. Julai 23, 1972, Wamarekani walirusha mtambo ambao baadaye ulijulikana kama Landsat 1. Ulipita juu ya kila sehemu ya dunia mara moja katika siku 18, na nukta moja ya picha yake ilifunika eneo la upana wa mita 80 hivi, karibu na kiwanja cha mpira. Ng'ombe haonekani hapo, wala nyumba. Lakini msitu unaonekana, na mbuga, na shamba kubwa.

Mwaka huo wa 1972 una maana kwetu. Ndio mwaka wa Operesheni Kigoma, wananchi walipohamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kupelekwa katika vijiji vilivyopangwa. Ndio pia mwaka wa mauaji ya Burundi, wakimbizi wakamiminika kwetu kwa maelfu. Maana yake ni kwamba picha za kwanza kabisa za Kigoma kutoka angani zilipigwa wakati nchi yenyewe ikipanguliwa na kupangwa upya. Mtambo uliona miti na ardhi. Haukuona kwamba mwenye kihame kile amepelekwa kando ya barabara.

Je, mtambo unayajuaje majani mabichi? Ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Jani bichi hula mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula, lakini huurudisha angani mwanga mwingine, ulio jirani na mwekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani likinyauka tofauti hiyo hupungua. Mtambo hupima mianga yote miwili, tofauti yao hugawanywa kwa jumla yao, ikapatikana namba moja ambayo haizidi moja. Namba ikipanda, ukijani umezidi. Ikishuka karibu na sifuri, ardhi ni kavu. Wataalamu hukiita kipimo hicho NDVI. Sisi na tukiite kipimo cha ukijani.

Mmoja wa waliokifanya kipimo hicho kiaminike ni Compton Tucker, mwanasayansi wa NASA, aliyeandika juu yake mwaka 1979. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walikwenda katika malisho ya Senegal, nchi iliyokuwa imeteswa na ukame wa Saheli. Nyasi zilikatwa, zikakaushwa, zikapimwa uzito, kisha uzito huo ukalinganishwa na picha za setilaiti za hali ya hewa, zile zinazopita kila siku. Vikaelekeana. Nakisisitiza kituo hiki kwa sababu moja: kipimo cha angani kilipata heshima pale tu watu waliposhuka chini wakakata majani kwa mikono.

Njaa kubwa ya Ethiopia ya 1984 ndiyo iliyoitoa elimu hii maabara. Mwaka 1985 Marekani ilianzisha mfumo wa kutoa tahadhari ya njaa uitwao FEWS, na picha za ukijani zikawa chombo chake kimojawapo. Nairobi tayari kulikuwa na kituo cha upimaji na ramani kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya nchi za kanda yetu, ambacho leo kinaitwa RCMRD, na Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo elimu ilikuwapo jirani. Lakini kwa miaka mingi ramani hizo zilisomwa na maofisa, wahisani na mabalozi. Zilimweleza mkubwa wapi pa kupeleka chakula cha msaada. Mchungaji, ambaye majani ni yake, hakuziona.

Basi tuangalie jinsi picha zilivyoshuka kutoka ofisini hadi kijijini, na hapa Kigoma tuna cha kujivunia. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Wakati huo msitu ulienea kando ya ziwa bila mpaka unaoonekana. Taasisi yake baadaye ililinganisha picha ya Landsat ya 1972 na ya 1999, na tofauti ilikuwa ya kutisha: nje ya hifadhi milima imevuliwa nguo, na Gombe imebaki kisiwa cha kijani. Mradi wa TACARE, ulioanza mwaka 1994, ulikuwa umekwisha kutambua kwamba msitu hauokolewi bila wanavijiji wanaouzunguka. Katika miaka ya 2000 zikaja picha kali zaidi, ambazo mti mmoja mmoja huonekana. Zikapelekwa vijijini, wananchi wakazisoma wenyewe: hii ndiyo njia ya kwetu, hiki ndicho kijito, hili ndilo shamba la fulani. Wakapanga matumizi ya ardhi yao na kutenga misitu ya hifadhi ya vijiji.

Hiyo ilikuwa habari ya miti na sokwe, lakini somo lake ndilo hilo hilo la ng'ombe. Picha ile ile iliyokaa ofisini kama ushahidi dhidi ya wanakijiji ilipowekwa mezani kwao ikawa chombo chao.

Kwa upande wa mifugo, hatua zilikwenda polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilianzisha mfumo wa tahadhari ya mifugo katika Kenya, Ethiopia, Uganda na Tanzania, ukikadiria malisho kwa kompyuta kwa kutumia takwimu za mvua na ukijani. Wataalamu wake walikusanya hata kinyesi cha mifugo na kukipima, ili wajue mnyama amekula nini hasa. Kaskazini mwa Kenya, huko Marsabit, bima ya mifugo ilianza kuuzwa Januari 2010. Mtu hahesabiwi ng'ombe waliokufa. Ukijani wa eneo lake ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, analipwa. Ukame wa 2011 ulipopiga, malipo ya kwanza yakatolewa Oktoba mwaka huo.

Na kuanzia 2013 shirika la PCI lilijaribu jambo lililo karibu zaidi na mada yetu. Huko Afar, Ethiopia, wazee waliombwa kwanza wachore mipaka ya malisho yao ya asili. Kisha ukijani wa setilaiti ukawekwa juu ya mchoro huo, ramani ikatolewa upya kila baada ya siku kumi. Baadaye mpango ukaingia Kenya na mkoani Arusha, na ramani zikahamia kwenye simu kwa jina la AfriScout, ambamo mfugaji anaweza pia kuwatahadharisha wenzake juu ya maradhi, wanyama wakali au ugomvi. Angalia utaratibu wake, msikilizaji: mchoro wa wazee ulitangulia, picha ikafuata. Na kila jamii ilionyeshwa malisho yake, haikuonyeshwa nchi nzima.

Kwa nini utaratibu huo ni muhimu hivyo? Kwa sababu jicho la angani lina upofu wake. Kwanza, kijani si chakula siku zote. Kule Baringo, Kenya, mti uitwao mathenge, ulioletwa kutoka ng'ambo kuzuia jangwa, hubaki wa kijani hata katika ukame, lakini maganda yake matamu yaliwaharibu mbuzi meno, mpaka wananchi wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Kipimo cha ukijani kingeisifia nchi hiyo.

Na sisi Kigoma tuna mitego yetu. Miombo yetu huchipua majani mapya mwezi Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha. Kutoka juu nchi inaanza kupendeza, na chini yake ardhi ni nyeusi kwa moto wa kiangazi, hakuna jani la kung'ata. Bonde la Malagarasi nalo hubaki kijani wakati vilima vimekauka. Lakini ukijani huo ni matete na mafunjo katika maji, mbung'o wapo, na sehemu kubwa ni ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye zaidi ya kilomita za mraba 32,000, iliyoingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2000. Mfugaji atakayeifuata ramani ya kijani tu ataongozwa moja kwa moja hadi kwa mbung'o, na kutoka kwa mbung'o hadi kwa askari wa wanyamapori.

Upofu wa pili ni mkubwa zaidi. Mtambo hauoni haki. Miaka mingi sasa wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamekuwa wakihamia magharibi na kusini, na Uvinza imewapokea kwa wingi. Wanakuta wakulima wa Kiha, wakimbizi wa zamani, hifadhi, na maeneo ya ranchi. Oktoba 2018, katika kijiji cha Mpeta wilayani Uvinza, mgogoro wa eneo la ranchi uligeuka mapambano. Polisi walikufa na raia walikufa. Hakuna picha ya setilaiti iliyokosekana siku ile. Kilichokosekana ni makubaliano.

Mzee mmoja mfugaji wa Nguruka nilimweleza habari za ramani hizi nikidhani atashangaa. Alisikiliza kwa adabu, akaniambia: "Mwanangu, kuyaona majani si kazi. Kazi ni kuambiwa karibu."

Nimeifanya kazi ya redio mkoani humu zaidi ya miaka ishirini, na maneno hayo yamenifanya niitazame hata kazi yangu upya. Tuseme kesho asubuhi, baada ya taarifa ya habari, nasoma hewani: wafugaji, majani mazuri yako bonde fulani, kijiji fulani. Je, nitakuwa nimesaidia? La hasha. Keshokutwa makundi hamsini yatakuwa yamefika bonde moja, kisima kitakauka kwa wiki, na mwenye mahindi ambayo hajayavuna atashika panga. Habari ya majani si kama habari ya mvua. Mvua ikitangazwa haipungui. Majani yakitangazwa yanakwisha.

Basi tufanyeje? Wapo watakaosema mitambo hii tuiache. Mimi sisemi hivyo. Ukame hausubiri wazee wamalize kikao, na kijana mpelelezi wa leo anatembea katika nchi iliyokatwa na mashamba, hifadhi na barabara. Ramani inayompunguzia mwendo ni neema. Ninachosema ni kwamba tufuate mpangilio ambao historia yenyewe imetufundisha, kuanzia nyasi zilizokatwa Senegal hadi vijiji vya Gombe: watu kwanza, picha baadaye.

Sheria hazikosekani. Tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, tuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, na tuna sheria ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo ya 2010. Mfano nao upo. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliona kwamba ng'ombe hawajui mpaka wa kijiji, vikapanga kwa pamoja malisho yanayovuka mipaka yao na kuyaita OLENGAPA kwa kuunganisha herufi za majina yao. Malisho yakiwa na jina na wenyewe, hapo ramani ya ukijani ina kazi ya kufanya: inawaambia wenyewe wafungue upande gani mwezi huu, na upande gani waupumzishe.

Uvinza, Kasulu na Kibondo nazo zinaweza. Mwezi wa Mei, kabla kiangazi hakijakaza, mkulima na mfugaji wakae chini ya mwembe mmoja pamoja na ofisa mifugo na ofisa ardhi. Ramani ichapwe kwa karatasi kubwa, ibandikwe ofisi ya kijiji, isiwe siri ya mwenye simu kubwa. Mkulima aonyeshe mashamba yatakayovunwa na lini, ili mabua yaliwe kwa makubaliano. Mfugaji aonyeshe njia za ng'ombe na maji. Mwenyeji aseme "karibu" au "hapana", na neno lake liandikwe. Baada ya hapo mtambo uje utusaidie kuchagua siku. Na redio? Redio itangaze makubaliano hayo, yasikike kila nyumba, asiwepo wa kusema hakujua.

Na sisi wa mjini tusikae pembeni tukingoja nyama ishuke bei. Fedha za halmashauri zinazopangwa kila mwaka ni zetu pia. Tuwaulize madiwani wetu: mkoa huu una vijiji vingapi vilivyokwisha kupima malisho? Vilivyobaki vinasubiri nini? Upimaji wa ardhi ya kijiji una gharama, lakini tumekwisha kuona Mpeta gharama ya kutopima.

Mtambo utaendelea kupita juu yetu, usiku na mchana, ukitupigia picha bila kutuomba ruhusa. Utaona palipo na majani. Mwenyewe ni nani, hilo tutaamua sisi huku chini, kwa kikao au kwa panga.

Hadi wiki ijayo, wakati kama huu, nakutakia kila la heri.